Mtoto Anaokota Namba, Habari Inampita

Musa alipewa na Hawa machungwa 8. Sasa ana machungwa 15. Kabla ya kupewa alikuwa na machungwa mangapi?

Fumbo hili niliwahi kuwaandikia ubaoni watoto wa darasa la nne, na wengi wakanijibu 23. Kutoa wanakujua. Ukiwaandikia 15 − 8, hujaweka chaki chini wameshakujibu 7. Nikamwita mbele msichana mmoja aliyekuwa hodari wa namba, nikamwambia aachane kwanza na hesabu, anisimulie tu kilichotokea: nani kampa nani, na sasa hivi nani ana nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la somo jingine. Kisha akasema, "Mwalimu, niliona 'alipewa', tena niliona 'na'. Nikajumlisha."

Hakukosea kwa uvivu. Alifuata kwa uaminifu kile alichofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Kwa miaka mingi nilikuwa na bango la karatasi ya manila ukutani: ukiona jumla, jumlisha; baki, toa; kila, zidisha; gawana, gawanya. Nililichora kwa kalamu za rangi na nililihamisha kutoka chumba hadi chumba kila mwaka mpya wa masomo. Leo nasema wazi kwamba bango lile liliwadhuru watoto wangu, na kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mafumbo tunayowapa wanafunzi wa shule za msingi inawazoesha kuokota namba na kuiacha habari.

Tazama jinsi mazoezi yenyewe yanavyopangwa. Mada ni kutoa. Kurasa za kwanza ni namba tupu, na mwishoni kabisa, kengele ikiwa karibu kulia, ndipo yanapokuja mafumbo matano au kumi. Yote ni ya kutoa. Mtoto hana sababu ya kusoma hata sentensi moja: namba kubwa anaiweka juu, ndogo anaiweka chini, anatoa, anapata zote. Mwalimu anatia tiki, mzazi anafurahi. Wiki inayofuata mada ni kuzidisha na mchezo ni uleule. Ukija mtihani, matendo yote yamechanganywa na hakuna kichwa cha habari kinachomwambia afanye nini. Hapo mtoto aliyekuwa akipata 10 kati ya 10 anaanza kubahatisha, nasi tunasema hajui mafumbo. Ni kweli hajui, kwa kuwa hakuwahi kulisoma hata moja.

Wapo walimu watakaoniambia kwamba maneno ya bango si mabaya, yanahitaji kuongezwa tu. Nilijaribu hivyo. Tatizo ni kwamba Kiswahili hakikubali kuwekwa kwenye bango la namna ile, kwa sababu lugha yetu mara nyingi huficha tendo la hesabu ndani ya tumbo la kitenzi, kwenye silabi moja ambayo jicho la mtoto mwenye haraka huipita. "Musa alimkopa Hawa shilingi 500" na "Musa alimkopesha Hawa shilingi 500" ni sentensi mbili zenye majina yaleyale, namba ileile, mpangilio uleule. Katika ya kwanza mfuko wa Musa umejaa, katika ya pili umepungua. "Hawa aliuza mayai 6" na "Hawa aliuziwa mayai 6" ni hivyohivyo. "Bei imepunguzwa kwa shilingi 800" na "bei imepunguzwa hadi shilingi 800" hutofautiana kwa kineno kimoja, na majibu yake hayakaribiani hata kidogo. Kitenzi kuazima ndicho kigumu kupita vyote, maana wengi wetu tunakitumia kwa anayetoa na kwa anayepokea vilevile. Ukiandika "Musa alimwazima Hawa kalamu 2", hata watu wazima wawili wanaweza kubishana nani sasa ana kalamu.

Halafu kuna "mara". Ukisema bei ya sukari imepanda mara mbili, unaweza kuwa na maana kwamba ilipanda Januari ikapanda tena Machi, au kwamba imekuwa maradufu. Sisi tunaelewana kwa muktadha. Mtoto mwenye bango kichwani ameshaona "mara", ameshazidisha.

"Zaidi" nayo. Hawa ana madaftari 12. Ana madaftari 5 zaidi ya Musa. Musa ana madaftari mangapi? Nimewapa fumbo hili watoto wa madarasa mbalimbali na jibu 17 halijawahi kukosekana. Neno "zaidi" linawavuta mkono kuelekea alama ya kujumlisha, wala hawajiulizi kati ya watoto hawa wawili ni yupi mwenye mengi. Ukiwachorea mistari miwili tu, mmoja mrefu wa Hawa na mmoja mfupi wa Musa, kosa linakufa palepale bila maelezo.

Nikirudi kwa "na", ile iliyomponza msichana wangu: neno hili dogo linaunganisha, Musa na Hawa, linaonyesha mtendaji, alipewa na Hawa, linaonyesha umilikaji, alibaki na machungwa. Mtoto aliyeambiwa darasa la kwanza kwamba "2 na 3 ni 5" ana haki ya kuliona kama alama ya kujumlisha mpaka mtu amwonyeshe kazi zake nyingine. Kazi hiyo inafanywa katika kipindi cha Kiswahili, tunapofundisha kauli za vitenzi, kutendewa na kutendesha. Katika shule nyingi mwalimu wa vipindi vyote viwili ni yuleyule, na chumba ni kilekile, lakini kauli ya kutendesha inaishia kwenye sentensi za Kiswahili na haivuki kwenda kwenye Hisabati. Mtoto anayeanza shule akiwa na Kisukuma, Kimaasai au Kiha peke yake kinywani anabeba mzigo huu mara mbili. Kule Kenya, wanakofundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, mzigo ni uleule wa lugha nyingine.

Nina neno pia kuhusu jina lenyewe. Tumeyaita mafumbo. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwa maana hiyo, fumbo ni jambo ambalo mtu amelificha makusudi, na kutolijua ni dalili ya ujinga. Mtoto anayeona neno hilo juu ya zoezi anaanza kazi akiwa ameshajiweka upande wa mjinga, anatafuta ujanja uliofichwa. Kumbe kwenye fumbo la Hisabati hakuna kilichofichwa. Nani alikuwa na nini, nini kikatokea, nini hakijulikani: vyote vimeandikwa ubaoni kweupe. Ndiyo maana siku hizi darasani nasema "habari", nawaambia watoto, leo nina habari ya Musa na Hawa. Jina rasmi la vitabuni silipingi. Naliacha likae kwenye jalada.

Hili si gonjwa la Waswahili peke yao. Karibu na mwaka 1980 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi swali hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzikorogakoroga namba walizopewa. Hakuna aliyewaambia kwamba kondoo wanajua umri wa nahodha. Walichokuwa wamejifunza ni kwamba shuleni kila swali lina jibu, jibu linatokana na namba zilizopo, na namba zote lazima zitumike. Nimelijaribu swali la namna hiyo kwa watoto wetu, nikitaja ng'ombe na umri wa mchungaji, na matokeo yalinisikitisha kwa namna ileile.

Marekani nako, katika tathmini ya kitaifa ya mwaka 1983, vijana wa miaka 13 waliulizwa: basi la jeshi linabeba askari 36, askari 1,128 wakisafirishwa, yanahitajika mabasi mangapi? Takriban 7 kati ya kila 10 waligawanya sawasawa. Lakini asilimia 29 waliandika "31 baki 12", asilimia 18 waliandika 31 na kuwaacha askari kumi na wawili barabarani, na waliosema mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Hesabu waliiweza. Basi hawakuliona.

Mimi nalipenda sana swali la baki, kwa sababu ndilo linalomlazimisha mtoto arudi kwenye habari baada ya kumaliza kukokotoa, na nalitumia kwa namna hii. Naandika 26 ÷ 4 ubaoni, tunapata wote 6 baki 2, kisha natoa habari nne. Mtumbwi unavusha abiria 4 kwa safari moja, na kuna abiria 26 ng'ambo: safari ngapi? Fundi cherehani ana mita 26 za kitambaa, gauni moja linakula mita 4: magauni mangapi? Wavuvi 4 wamegawana shilingi 26,000 sawasawa: kila mmoja kapata ngapi? Watoto 26 wamejipanga mistari ya wanne wanne: mstari wa mwisho, ule usiotimia, una watoto wangapi? Majibu ni 7, 6, 6,500 na 2. Mgawanyo mmoja, majibu manne. Mara ya kwanza watoto hukasirika, wanasema haiwezekani hesabu moja ikawa na majibu manne, na kubishana kwao ndiko kunakofundisha. Mmoja atasema wale wawili waliobaki kwenye mtumbwi waogelee. Mwingine atauliza je, fundi hawezi kushona gauni fupi la mtoto kwa zile mita 2? Namwambia anaweza, na namwambia ameisoma habari vizuri kuniliko.

Sasa kuna imani moja nataka kuigusa, kwa kuwa imeenea hata kwa walimu wazuri: kwamba maneno ndiyo yanayoifanya hesabu kuwa ngumu, hivyo mtoto azoee kwanza namba tupu mpaka ziive, mafumbo yatafuata. Ushahidi ninaoujua unaelekea kwingine. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Watoto walikuwa watano, wa kati ya miaka 9 na 15, wakiuza nazi na vitu vingine mitaani. Watafiti waliwaendea kama wateja. Nazi moja kruzeiro 35, nataka kumi, ni pesa ngapi? Mtoto mmoja wa miaka 12 alihesabu kwa sauti: tatu ni 105, tatu nyingine inakuwa 210, bado nne, akaongeza tena tatu ikawa 315, kisha akafika 350. Biasharani watoto hawa walipata asilimia 98 ya maswali. Baadaye wakapewa namba zilezile kwenye mtihani wa karatasi na kalamu. Kwenye namba tupu walishuka hadi asilimia 37. Mmoja wao aliyekuwa amejua vizuri kwamba nazi nne ni 140, alipoandikiwa 35 × 4 alijibu 200, kwa kuchanganya kanuni ya kubeba.

Linalosahaulika katika utafiti huo ni kundi la tatu la maswali. Kwenye mafumbo, yaani namba zilezile zikiwa ndani ya maelezo ya maneno, watoto walipata asilimia 74, maradufu ya namba tupu. Habari, hata ikiwa ya karatasini tu, iliwabeba, kwa kuwa waliijua. Nazi walikuwa wameishika mkononi.

Watoto wa pwani yetu nao nazi wanazishika. Mtoto wa Tanga au Kilwa anayetumwa sokoni anajua fungu la nyanya ni bei gani, anajua akipewa noti ya 5,000 chenji irudi ngapi, na chenji ikipungua mia mbili anarudi kuidai. Ukimpa vitabuni mkulima aliyevuna machungwa 3,456,789 akauza 2,987,654, habari imekufa kabla hajaianza. Hakuna anayeyaona machungwa hayo, yamewekwa pale ili kubeba tarakimu. Kwa zoezi la thamani ya nafasi naelewa, lakini basi tuandike namba tupu, tusimchoshe mkulima wa watu.

Kuna mfano mmoja ambao Kiswahili kinatupa bure nasi tunauacha upotee: saa. Basi liliondoka Dodoma saa 12:00 asubuhi likafika Dar es Salaam saa 8:30 mchana. Lilitumia muda gani? Mtoto wa bango anaona 12:00 na 8:30, anatoa, anapata saa 3 na dakika 30. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, treni kweli inakwenda kwa chini ya saa 4, na siku moja mtoto akanijibu hivyo, "Labda dereva anashindana na treni." Nilifurahi, kwa maana alikuwa ameanza kulitazama jibu lake kwa macho ya mtu aliyewahi kupanda basi. Kisha tukakaa na saa ya Kiswahili yenyewe. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa 1 asubuhi maana yake saa moja imepita tangu mapambazuko, saa 2 mbili zimepita. Kwa hiyo aliyeondoka saa 12 asubuhi ameondoka kwenye sifuri, na saa 8:30 ndiyo muda wenyewe wa safari, saa 8 na dakika 30, hakuna cha kutoa wala kujumlisha. Nimeona nyuso za watoto zikifunguka kwa jambo hili kuliko kwa mbinu yoyote ya kukopa dakika 60. Ukiwapa baadaye aliyeondoka saa 10 jioni akafika saa 3 usiku, wanahesabu kwa vidole: 11, 12, 1, 2, 3. Saa tano. Hawatoi 3 kwenye 10, kwa kuwa wanaona jua likizama katikati ya safari.

Basi mazoezi yafanywe vipi? Sina kanuni yenye hatua za kubandika ukutani, nimeshachoka na mabango. Nitaeleza ninavyofanya.

Kwanza nasimulia habari bila namba. Mama Asha alikwenda sokoni na pesa. Akanunua sukari, akanunua na unga, akarudi na chenji. Nauliza: alizokwenda nazo na alizorudi nazo, zipi nyingi? Je, inawezekana chenji ikawa kubwa kuliko bei ya sukari? Inawezekana ikawa kubwa kuliko pesa alizotoka nazo nyumbani? Watoto ambao hunyamaza kwenye namba hapa wananyoosha mikono, kwa sababu hakuna cha kuokota, kuna cha kufikiri tu. Bibi zetu walijua jambo hili. Kile kisa kinachosimuliwa Zanzibar cha mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka navyo mto bila kimoja kuliwa na kingine, hakina hata tarakimu moja ya kukokotoa, na mtoto anaweza kukaa nacho jioni nzima akivusha na kurudisha mbuzi. Hiyo ni hisabati. Namba nazitia baadaye, zikiwa ndogo kwanza, kisha nazibadilisha kuwa kubwa bila kubadilisha habari.

Halafu tunaigiza. Musa wa kweli anasimama, Hawa wa kweli anasimama, na vihesabio ni vizibo vya soda au mbegu za ubuyu. Fumbo la machungwa 8 lililotuangusha mwanzo lilieleweka siku Musa aliposimama mbele na vizibo 15 mikononi, nikamwambia Hawa achukue vyake 8 alivyompa. Darasa zima liliona vilivyobaki. Nikawauliza tumefanya tendo gani, wakasema kutoa, na "alipewa" bado ilikuwa pale ubaoni ikiwatazama.

Wakati mwingine natoa habari nikafuta swali. Duka lilikuwa na mifuko 40 ya unga, Jumatatu imeuzwa 12, Jumanne 9. Ulizeni nyinyi. Wanauliza imebaki mingapi, siku ipi iliuza zaidi na kwa mingapi, na kuna aliyeuliza kama unga utatosha mpaka Ijumaa. Hilo la mwisho halina jibu moja. Tulilitumia kipindi kizima.

Najua pingamizi, na nalichukua kwa uzito kwa kuwa nimefundisha vyumba vyenye watoto themanini na zaidi, watatu watatu kwenye dawati, kipindi kikiwa dakika 40. Mwalimu wa darasa hilo anasema: mimi nina mafumbo 10 ya kumaliza na madaftari 80 ya kusahihisha, hayo maigizo niyafanye saa ngapi? Jibu langu ni kwamba asifanye 10. Afanye moja. Habari moja ubaoni, iliyosimuliwa, ikachorwa, ikahesabiwa, ikabadilishwa swali mara tatu, huwafaa watoto 80 kuliko mafumbo 10 ambayo watoto 60 kati yao wamenakili kwa jirani. Na madaftari ya kusahihisha yanapungua kweli. Ugumu halisi uko kwa mkaguzi na kwa mzazi, wanaofungua daftari wakaona zoezi moja lenye mchoro wa mistari miwili na kuuliza mtoto alikuwa anafanya nini siku nzima. Hapo mwalimu anahitaji mkuu wa shule wa kumkinga.

Mtihani nao una mkono wake. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, Hisabati yote ikawa ya kuchagua herufi. Miaka iliyofuata nilishuhudia watoto wakifundishwa kuyapima majibu ya kuchagua na kuliondoa lililo kubwa mno na lililo dogo mno, bila kuligusa fumbo. Baadaye yalirudishwa maswali ya kuonyesha njia, nami nilishukuru, maana njia ndiyo mahali pekee ninapoweza kuona kama mtoto ameisoma habari. Lakini "onyesha njia" imegeuka nayo kuwa mistari ya kukariri. Ningetamani mtoto aruhusiwe kuonyesha njia kwa mchoro, au kwa sentensi mbili za Kiswahili, akapewa alama zake.

Wazazi huniuliza wafanye nini nyumbani, na tuisheni ni ghali. Nawaambia waache kumwuliza mtoto "hiyo ni kujumlisha au kutoa?" Wamwambie, hebu nisimulie. Akishindwa kusimulia, msaada anaouhitaji ni wa kusoma, na mzazi yeyote anaujua. Wamshirikishe pia kwenye hesabu za nyumbani zenye watu wa kuzihakiki. Katika familia za Kiislamu mirathi ni somo zima: marehemu kaacha mke, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, na mali ya shilingi 3,200,000. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, 400,000. Inabaki 2,800,000, mafungu manne, mtoto wa kiume mawili, kila binti moja. Fungu ni 700,000. Mwanahisabati Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya tisa ndicho kilichoipa aljebra jina, aliweka sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa ajili ya maswali ya wasia na mirathi tu. Nao waandishi wa Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika kwenye mafunjo jinsi ya kuwagawia watu 10 mikate 6, mikate 7, mikate 8. Watu hao hawakuwa wakitunga mitego. Kulikuwa na mkeka, watu wamekaa, na kila mmoja akisubiri chake, na hesabu isipotimia wa kwanza kulalamika ni yule aliyepunjwa.

Muhula uliopita niliwaambia darasa la tano kila mtoto aandike habari yake mwenyewe ya nyumbani, tuihesabu pamoja. Binti mmoja ambaye mama yake anauza maandazi aliandika: "Mama alikaanga maandazi 60. Yaliungua 6, tukala sisi. Kila andazi ni shilingi 200. Mwalimu mmoja alichukua 5 akasema atalipa mwisho wa mwezi. Yaliyobaki yote yaliisha. Mama alipata shilingi ngapi leo?"

Nusu ya darasa walisema 10,800. Nusu walisema 9,800. Wakageukiana madawati wakaanza kubishana kama maandazi ya mkopo yameuzwa au hayajauzwa, na yule binti alisimama akarudia mara mbili, kwa sauti, neno moja tu la swali lake: "Leo. Nimeandika leo."